Gawio la kikoba, baba anayesahau na kijana aliyekwama: nianze na nani?

Mshauri, pole na majukumu.

Mimi ni mama wa miaka 47, naishi Pasua hapa Moshi, nauza maharage na mchele Soko la Mbuyuni tangu 2002. Nina watoto watatu. Wa kwanza ni binti, ameolewa Mwanza. Wa pili ni kijana wa miaka 25, alimaliza shahada ya uhasibu miaka miwili iliyopita na yuko nyumbani. Wa mwisho yuko kidato cha tano, bweni.

Desemba kikoba chetu kinavunjwa na gawio langu litafika kama shilingi 4,600,000. Hela haijaingia mkononi na tayari ina wenyewe watatu.

Wa kwanza ni mimi. Niliacha shule kidato cha pili mwaka 1994 kwa mimba ya huyo binti wa Mwanza. Toka hapo nina kiu ya kurudi darasani. Kuna kituo cha jioni karibu na stendi, nimeulizia, naweza kuanza na QT, yaani mtihani wa maarifa, halafu kidato cha nne. Mume wangu si mbaya, ila aliposikia alicheka, akasema, "Mama, shule uzeeni ya nini, si usubiri wajukuu?" Nami nina hofu yangu. Siku hizi nasahau chenji ya mteja aliyesimama mbele yangu, usiku naamka nimelowa jasho. Nikikaa na kitabu nitakumbuka nini?

Wa pili ni kijana. Anataka nimnunulie bodaboda. Analala saa tisa usiku, anaamka saa sita mchana, simu mkononi. Ameomba kazi mpaka amechoka, na akiulizwa anajibu, "Mama, niache kwanza." Uhasibu alichaguliwa na kaka yangu mkubwa wa Arusha aliyemlipia sehemu ya ada. Alipokuwa na miaka miwili nilimpeleka Rombo kwa baba na mama yangu, akakaa mpaka miaka sita, kwa sababu nilikuwa nafuata mzigo Tarakea na sikuwa na wa kumwachia. Mwezi wa tano nilihudhuria kongamano la akina mama, mzungumzaji akasema mtoto anajengwa mpaka miaka saba, baada ya hapo msingi umeshakaa, unabadilisha bati tu. Akatuonyesha chati ya hatua nane za maisha, akasema anayefeli hatua moja anaburuza kufeli huko mpaka kaburini. Nililia njia nzima. Nikaona mimi nilifeli ya kwangu nikiwa na miaka 16, nikamfelisha na mwanangu.

Wa tatu ni baba. Ana miaka 76, mwalimu mstaafu, anaishi Mkuu Rombo peke yake tangu mama afariki miaka minne iliyopita. Anarudia hadithi zilezile: mwaka bei ya kahawa ilipoanguka, na mwanafunzi mmoja aliyemchapa sana ambaye sasa anataka kumtafuta amwombe radhi. Mwezi uliopita aliacha maziwa jikoni yakaungua, na nauli ya boda aliilipa mara mbili. Ila jumuiya anaongoza sala bila kitabu na gazeti anasoma kila siku. Kaka zangu wanasema mimi ndiye niko karibu, nimshushe Moshi, nijenge chumba cha nyuma na kumwekea msichana wa kumwangalia. Kwa mila yetu kihamba, yaani shamba la nyumbani, ni cha mdogo wetu wa mwisho, lakini yeye yuko Dar. Baba mwenyewe hataki kuacha kaburi la mama.

Nani aanze, mshauri? Naona kila mmoja wetu amechelewa, na nikimpa mmoja nawanyima wawili.

Mama wa Mbuyuni, Moshi

*

Mama wa Mbuyuni, pole sana, na asante kwa kutueleza kwa kirefu. Sehemu kubwa ya kazi umeshaifanya wewe mwenyewe, maana umetutajia umri wa kila mmoja, mwaka wa kila jambo, na maneno ya kila aliyesema.

Kwa juu unauliza hela iende kwa nani. Ndani yake kuna swali linalokunyima usingizi zaidi: kati yenu watatu, ni nani ambaye muda wake umeshapita? Unahofia kwamba wewe umepitwa na darasa, kijana amepitwa na malezi, na mzee amepitwa na akili zake. Tuanze hapo, kwa sababu hela ukiigawa ukiwa na hofu hiyo utakuwa unalipa faini ya kosa ambalo huenda hukulitenda.

Chati uliyoonyeshwa ni ya Erik Erikson, aliyeitoa katika kitabu mwaka 1950. Ni chati nzuri na bado inafundishwa. Kwa kila umri Erikson alitaja mvutano wake: kijana anatafuta yeye ni nani, mtu wa makamo anavutwa kati ya kukilea kizazi kinachofuata na kudumaa, mzee anavutwa kati ya kuyakubali maisha aliyoishi na kuyakatia tamaa. Lakini hakuiandika kama mtihani wa kufaulu au kufeli. Kwake mtu hubeba pande zote mbili za kila mvutano, na kinachotafutwa ni uwiano, yaani imani iwe kubwa kuliko shaka bila shaka kuisha kabisa. Tena mivutano hiyo hurudi. Erikson alifariki 1994, na mkewe Joan akaongeza hatua ya tisa katika toleo la mwaka 1997, kuhusu miaka ya themanini na tisini, akieleza namna mambo yote ya awali yanavyobisha hodi upya uzeeni. Kama yanabisha hodi upya, basi mlango haukufungwa ulipokuwa na miaka 16.

Na ule mfano wa msingi na bati? Miaka ya mwanzo ina uzito mkubwa, hilo hakuna anayebisha. Ila wanasaikolojia wanaochunguza maisha yote, Mjerumani Paul Baltes akiwa mbele yao, walikataa wazo kwamba kuna umri mmoja unaoamua yote. Katika andiko lake la mwaka 1987 Baltes alisema kila umri una kupata na kupoteza kwa pamoja. Hata mtoto mchanga hupoteza: anapozoea sauti za lugha ya nyumbani, uwezo wake wa kutofautisha sauti za lugha nyingine hupungua. Na hata mzee hupata.

Kuna utafiti mmoja ningependa uujue kwa sababu unakugusa moja kwa moja. Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, Emmy Werner na wenzake walifuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955, tangu tumboni mpaka ukubwani. Miongoni mwa waliokulia katika shida nyingi kwa pamoja, umaskini, ugomvi wa nyumbani, wazazi wagonjwa, karibu theluthi moja walikua vizuri tangu mwanzo. Na wengi wa waliokuwa na matatizo ujanani walikuwa wamejipanga walipofika miaka ya thelathini na arobaini, wakiwemo mabinti waliopata mimba mapema. Kilichowageuza kilikuja baada ya utoto: kurudi kusoma, ndoa iliyotulia, kazi, kundi la imani lililowapokea. Sisemi kila mtu aligeuka. Nasema waligeuka wengi mno kiasi kwamba habari ya bati tu haiwezi kusimama.

Sasa Rombo. Unasema ulimpeleka mtoto kwa bibi yake kana kwamba ulimtupa. Kati ya mwaka 1954 na 1955 Mary Ainsworth alikaa vijijini karibu na Kampala akiangalia akina mama 26 na watoto wao wachanga. Kazi hiyo ya Uganda ndiyo ilikuwa mwanzo wa mengi tunayoyajua leo kuhusu mshikamano wa mtoto na mlezi. Aliona watoto wakishikamana na mama, na pia na bibi, baba na ndugu wengine. Kulelewa na mikono ya watu zaidi ya mmoja siko kulikowafanya wasijisikie salama. Kilichotofautisha ni kama mlezi alizisoma dalili za mtoto na kuziitikia. Swali la kujiuliza kuhusu miaka ile minne ni hili: bibi yake alimwitikia? Kama jibu ni ndiyo, kijana wako hakukaa Rombo bila mama. Alikuwa na wawili.

Na hapa nikuulize jambo kwa upole. Katika barua yako kifo cha mama yako kimetajwa kama msiba wa baba. Miaka minne iliyopita kijana alikuwa na miaka 21, katikati ya chuo. Aliyefariki ndiye aliyemlea kutoka miaka miwili mpaka sita. Kuna mtu alimpa pole kama mfiwa, au alihesabiwa mjukuu mmoja kati ya wengi, akapangiwa kubeba viti na kuhudumia wageni? Sijui jibu. Ila kabla ya kumwita mvivu ningelitafuta.

Kuhusu kukwama kwake, kuna njia ya kuangalia inayosaidia kuliko lawama. Mwaka 1966 James Marcia alieleza hali nne ambazo kijana anaweza kuwa nazo katika kujitambua. Kuna ambaye hatafuti na hajaamua. Kuna anayetafuta kwa bidii ila bado hajaamua. Kuna aliyetafuta akaamua. Na kuna aliyeamua bila kutafuta, kwa kuvaa koti alilokatiwa na wakubwa. Uhasibu uliochaguliwa na mjomba unafanana sana na hili la mwisho. Koti la kupewa linaweza kumkaa mtu vizuri maisha yake yote. Linapobana, kwa mfano kazi isipopatikana, kijana anakuta hana sababu yake mwenyewe ya kuendelea, na hawezi kulivua bila kuonekana hana shukrani kwa mjomba. Kuamka saa sita mchana kunaweza kuwa uvivu. Kunaweza pia kuwa namna ya kukimbia saa ambazo watu wengine wanakwenda kazini.

Usimuulize "umefikia wapi na kazi". Mkiwa mnachambua maharage, mikono ikiwa na shughuli na macho hayatazamani, muulize ni siku gani mwaka huu aliona saa zimekwenda bila kujua. Muulize kama uhasibu ungekuwa chaguo lake. Muulize bodaboda ni ya miezi mingapi: ni daraja la kwenda mahali, au ni ya kumwondoa nyumbani? Anayetafuta atakuwa na majibu hata kama yamevurugika. Ukikuta hana jibu lolote, hafurahii hata alivyokuwa akivipenda, amepungua mwili, anasema maisha hayana maana, na hali hiyo imepita wiki mbili mfululizo, hapo tunazungumzia sonona, na sonona hutibiwa hospitali. Bodaboda haitaitibu, tena usingizi mbovu na barabara ya kwenda Himo havipatani. Akitamka habari ya kujidhuru, mpeleke hospitali siku hiyohiyo na asiachwe peke yake.

Neno moja kuhusu kuchelewa. Mwanasaikolojia wa Chicago, Bernice Neugarten, alizungumzia saa ya jamii: ratiba isiyoandikwa inayotuambia lini kusoma, lini kuoa, lini kuwa na kazi, na inayotupa aibu tukipitwa. Moshi saa hiyo hulia kwa nguvu kila Desemba, ndugu wanapopanda nyumbani na kuulizana nani amejenga. Lakini saa za jamii hubadilishwa. Kizazi cha baba yako kilimaliza mafunzo ya ualimu na kupangiwa kituo. Cha mwanao kinamaliza chuo na kuanza kuhangaika. Jeffrey Arnett wa Marekani, mwaka 2000, aliita miaka 18 mpaka 25 kipindi cha pekee cha kutafuta na kuyumba. Waliompinga walisema ni habari ya nchi tajiri, ambako kijana ana nafasi ya kujaribu bila kufa njaa. Wapo sahihi kwa kiasi. Mtafiti wa Cameroon, Bame Nsamenang, alionyesha kwamba katika jamii nyingi za Afrika mtu hukua kwa kukabidhiwa majukumu, moja baada ya jingine. Kwa kipimo hicho, shida ya mwanao huenda ni kwamba tangu amalize chuo hakuna aliyemkabidhi kitu.

Tuje kwako, na hapa sitafanya haraka, kwa kuwa wewe mwenyewe umejipitia haraka mno.

Kusahau chenji na kuamka umelowa jasho ukiwa na miaka 47 ni dalili zinazofanana sana na mwili unaokaribia kukoma hedhi. Usingizi ukikatika, kumbukumbu ya papo kwa papo nayo hukatika. Kwa wanawake wengi ukungu huo hupungua mwili ukitulia. Hata hivyo pima wingi wa damu, sukari, presha na tezi ya shingo, kwa sababu baadhi ya matatizo hayo huiga dalili zilezile na yana tiba.

Ama kuhusu kusoma, Raymond Cattell na John Horn walitenganisha akili za aina mbili. Ipo ya wepesi, ya kushika kitu kipya kabisa na kukigeuza haraka kichwani. Hiyo huanza kushuka polepole mapema, tangu ujana. Na ipo ya akiba: maneno, maarifa, uzoefu wa kupima mambo; hiyo huendelea kukua au kushikilia mpaka miaka ya sitini na zaidi. Mjini Seattle, K. Warner Schaie alianza mwaka 1956 kuwapima watu haohao kila baada ya miaka 7. Aliona kwamba ukilinganisha vijana na wazee siku moja, wazee wanaonekana wameporomoka sana, lakini sehemu ya tofauti hiyo ni shule tu, kwa kuwa waliozaliwa zamani walisoma miaka michache. Ukimfuatilia mtu yuleyule, uwezo mwingi haushuki kwa kiasi kikubwa kabla ya miaka ya sitini, na kuna unaofika kileleni katika makamo. Mama anayepiga hesabu ya debe, kilo, punje zilizooza na nauli ya Tarakea kichwani hana haja ya kuomba ruhusa ya kusoma hisabati.

Utakachokiona ni kwamba unahitaji muda zaidi na marudio zaidi kuliko msichana wa miaka 16. Baltes na mkewe Margret waliandika mwaka 1990 namna watu wanavyofanikiwa wakati nguvu fulani zinapungua: kuchagua machache, kuyakazania, na kufidia panapopungua. Mfano wao ulikuwa mpiga piano Arthur Rubinstein, aliyepiga akiwa na miaka themanini. Alipunguza idadi ya nyimbo, akazifanyia mazoezi mara nyingi zaidi, na kabla ya kipande cha kasi alipunguza mwendo ili kasi isikike kubwa. Kwako maana yake ni kutojisajili masomo mengi kwa pigo moja. Soma dakika 30 hadi 40 alfajiri kabla ya soko badala ya saa tatu usiku ukisinzia. Funga daftari ujiulize maswali, kwa sababu kujikumbusha kunakaza kuliko kusoma tena na tena. Rudia siku inayofuata, halafu baada ya siku tatu, halafu baada ya wiki. Wengi wanaorudi darasani ukubwani hukwama wiki za katikati: msimu wa mavuno unabana, vipindi viwili vinakosekana, aibu inaingia, basi. Mtafute mapema mtu wa kukunakilia vipindi utakavyokosa.

Jiulize pia unataka cheti au unataka kujua. Vyote ni halali, lakini bei zake zinatofautiana. Cheti kinahitaji QT, kisha usajili wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, ada za mitihani na angalau miaka miwili. Hukutuambia utakifanyia nini, na huenda kicheko cha mumeo kilikuja kwenye pengo hilo. Mwambie mwenyewe kile unachokitamani, kwa maneno mengine zaidi ya "shule".

Baba sasa. Robert Butler, daktari wa wazee, aliandika mwaka 1963 kwamba kurudi nyuma na kuyapitia maisha ni kazi ya kawaida ya uzee. Mzee huchambua aliyoyatenda, hutafuta pa kuomba radhi, huweka kila kitu mahali pake. Yule mwanafunzi aliyechapwa anaingia hapo. Na ile hadithi ya kahawa? Mwaka 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawana mauzo ya kahawa ulivunjika na bei zikaporomoka. Wewe ulikuwa na miaka 11. Yeye alikuwa na 40, ana familia na ada za kulipa. Glen Elder, aliyefuatilia watoto wa Marekani waliopitia mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, alionyesha kwamba tukio moja humpiga kila mtu kulingana na umri linaomkuta. Mlipitia mwaka mmoja, lakini kila mmoja aliupitia kwa njia yake. Mwache aseme, na muulize swali ambalo hujawahi kuuliza: siku ile alifikiria nini kuhusu ninyi watoto?

Ila maziwa yaliyoungua na nauli iliyolipwa mara mbili ni habari nyingine, nisingezichanganya na hadithi. Kusahau ulipoweka miwani hutokea kwa wengi wakizeeka. Kupotea njia ya kila siku, kushindwa hesabu ya hela uliyoizoea, kuvurugikiwa na kazi ya jikoni uliyoijua, kubadilika tabia, hayo yanahitaji daktari. Utafiti uliofanyika jirani yenu, Wilaya ya Hai, kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, ulikuta ugonjwa wa kusahau kwa takriban 6 kati ya kila 100. Maana yake wengi hawana, na pia kwamba si laana ya ukoo. Ni ugonjwa uliohesabiwa huku kwetu. Kuongoza sala bila kitabu ni faraja, lakini kusikutulize kupita kiasi, kwa kuwa mambo yaliyokaririwa ujanani hudumu hata ugonjwa ukiwa umeanza. Vilevile usikate tamaa: sonona ya ujane, upungufu wa vitamini B12, tezi, maambukizi, masikio yaliyoziba na baadhi ya dawa huleta kusahau, na mengi ya hayo hurekebishika. Hospitali ya rufaa ya KCMC na ya mkoa ya Mawenzi ziko hapo mjini kwako.

Kumshusha Moshi kuna faida ya ukaribu. Hatari yake ni kwamba mtu anayeanza kusahau huegemea sana mahali anapopajua: mlango, choo, njia ya kanisani, migomba yake. Ukimtoa, usahaulifu uliokuwa umefichwa na mazoea unaweza kutokeza wote, na atakuwa ameachana na kaburi na jumuiya kwa siku moja. Kumwacha kule peke yake na jiko nako kuna hatari unayoijua. Katikati kuna njia ambayo hakuna aliyeitaja: kijana apande Mkuu kwa muda, kwa babu aliyemlea. Angepata jukumu lenye uzito, na wote wawili wangekuwa na mtu wa kumzungumzia bibi. Lakini isipowekewa mipaka itageuka maficho kwa kijana na ajira ya bure kwa wajomba. Ikifikiriwa, iwe na mwezi wa kuanza na wa kuisha, posho inayochangwa na kaka zako, siku mbili za wiki za kushuka mjini kutafuta yake, na iwe imetoka kinywani mwake. Tena isubiri vipimo, vya mzee na hata vyake yeye kama dalili za sonona zipo. Kijana mwenye sonona asipewe mzee mgonjwa.

Kuhusu gawio, angalia mahitaji haya matatu yanavyotofautiana kwa mwendo. Vipimo vya baba ni hela ndogo na vina haraka. Chumba cha nyuma ni hela kubwa na kinaweza kusubiri daktari aseme kitu. Ada yako hulipwa kidogo kidogo, na ukiisogeza mwaka mmoja hupotezi nafasi, ingawa unajua umeisogeza mara ngapi tayari. Bodaboda hulipwa kwa mkupuo na haivunjiki nusu. Kama ni daraja, inaweza kuanza kwa pikipiki ya mkataba na leseni mkononi. Sikuambii uchague lipi. Nakuomba tu usiingie kwenye kikao cha kaka zako ukiwa umeshajiondoa kwenye orodha, kwa sababu katika barua yako wewe ndiye wa kwanza kutajwa na wa kwanza kukosa mtetezi.

Siku ya kumpeleka baba, andika kwenye karatasi lini ulianza kuona mabadiliko, matukio matatu yenye tarehe, analala na kula vipi, na beba dawa zote anazokunywa, za hospitali na za mitishamba, kwenye mfuko mmoja. Kijana akubali kwenda naye. Daktari atahitaji mtu anayemfahamu mzee kwa ukaribu, na baba atamsikia zaidi mjukuu akimwambia, "Babu, twende wote." Panga iwe kabla ya Krismasi, ili ndugu wakipanda nyumbani mzungumze mkiwa na majibu mezani. Kisha tuandikie tena.